Lebo za sauti kwa wasioona: kabla ya kununua kifaa, uliza sauti inakaa wapi

Mtu akianza kumtafutia mzazi au rafiki asiyeona kifaa cha kutambua vitu vya nyumbani, mmoja humwambia kuna kalamu inayosoma. Mwingine humwambia aachane na kalamu, siku hizi simu inasoma kila kitu. Wote wawili wana nia njema, na kila mmoja anadhani anazungumzia kitu kilekile. Anayeumia ni yule anayeagiza kalamu kutoka ng'ambo kwa zaidi ya dola 100, akitumaini ataielekeza kwenye pakiti ya unga imwambie ni ya mahindi au ya ngano. Kalamu inafika, inaelekezwa kwenye pakiti, inanyamaza. Familia inaamua ni mbovu. Si mbovu. Haikuundwa kusoma maandishi.

Tuanze basi na maneno yenyewe. Lebo ya sauti ni alama unayoibandika kwenye kitu, na ukiigusa kwa kifaa chake unasikia maelezo ambayo mtu aliyaweka. Kifaa hakijui kama kopo lina chumvi au sukari. Kinarudia kile ulichokiambia. Kisomaji cha maandishi ni kitu tofauti: kamera inapiga picha ya herufi zilizochapwa, programu inazigeuza kuwa sauti, wala hubandiki chochote. Kisha kuna kisomaji cha msimbopau, yaani ile mistari myeusi ambayo keshia huipitisha kwenye mashine. Hicho husoma namba tu, kisha hutafuta jina la bidhaa katika orodha fulani.

Hata neno "kalamu inayosoma" lenyewe linabeba vifaa vitatu. Ipo kalamu ya lebo za sauti. Ipo kalamu ya watoto ya kusomea vitabu maalum, inayofanana nayo sana na hata kutumia teknolojia ya namna moja, ila nyingi hazina vibandiko vitupu vya kurekodia. Na ipo kalamu ya kupitishwa juu ya mstari wa maandishi, kama C-Pen, ambayo hasa ilitengenezewa watu wanaoona lakini wanapata shida ya kusoma. Ili itoe sauti ni lazima uifuatishe mstari bila kuyumba, na asiyeona kabisa hawezi kujua mstari uko wapi. Ukiwa dukani au kwenye simu na muuzaji, usiulize kama kalamu "inasoma". Uliza kama inarekodi sauti yako kwenye vibandiko vitupu.

Swali linalofuata ndilo linaloamua karibu kila kitu: sauti hiyo inakaa wapi? Ndani ya kalamu, ndani ya lebo yenyewe, ndani ya chipu inayosomwa na simu, au kwenye intaneti? Ukishajua, utaweza kukisia mwenyewe kifaa kitasema lugha gani, kitahitaji bando au la, na siku kikipotea utapoteza nini.

Sauti ndani ya kalamu

Kalamu ya lebo inayojulikana zaidi ni PenFriend, inayotolewa na RNIB, shirika la Uingereza linalohudumia watu wasioona na wenye uoni hafifu. Ni kalamu nene yenye spika, vitufe vichache vinavyopapasika, na kamera ndogo kwenye ncha. Huja na karatasi za vibandiko. Kila kibandiko kimechapwa nukta ndogo mno, na mpangilio wa nukta hizo ni namba isiyofanana na ya kibandiko kingine katika pakiti hiyo.

Kaunta ya mizigo kwenye mlango wa supamaketi hufanya kazi namna hiyohiyo. Unaacha begi, unapewa kibati chenye namba. Begi halimo kwenye kibati, liko kaunta. Kibandiko cha PenFriend ndicho kibati, na kalamu ndiyo kaunta. Ukikigusa, kalamu inasoma namba, inatafuta rekodi iliyohifadhiwa ndani yake chini ya namba hiyo, kisha inaicheza.

Hapo ndipo uzuri wa kalamu unapoanzia. Kwa kuwa sauti ni yako, kalamu haina lugha isiyoijua. Nyanya anayezungumza Kikamba pekee atasikia Kikamba, kwa sauti ya mjukuu wake. Haihitaji simu, bando wala akaunti. Inatumia betri mbili za AAA, ambazo zinapatikana karibu kila duka la mtaani, kwa hiyo stima ikipotea siku nzima haijali.

Hatari nazo zinaanzia papo hapo. Kalamu ikipotea kwenye matatu, vibandiko vyote nyumbani vinakuwa bubu siku hiyohiyo. Kalamu ya jirani haitakusaidia, kwa sababu itasoma namba ileile na kucheza rekodi yake yeye, au isicheze chochote. Ndiyo maana kalamu ina sehemu ya waya wa USB: unaiunganisha na kompyuta na kunakili faili zote za sauti. Fanya hivyo ukishamaliza kuweka lebo za mwanzo, kisha kila baada ya miezi michache. Ukinunua kalamu nyingine ya aina ileile, unarudisha faili ndani na vibandiko vyako vinazungumza tena.

Fotokopi ya karatasi za vibandiko haifai. Nukta ni ndogo mno kwa mashine ya kawaida, na hata zingetoka vizuri ungekuwa na vibandiko viwili vya namba moja, yaani ukirekodi cha pili unafuta cha kwanza. Kosa la namna hiyo hutokea pia kwa wanaonunua pakiti za nyongeza: pakiti huuzwa kwa mafungu ya namba, na ukinunua fungu lilelile mara mbili utashangaa kuona chupa ya siki inasema "mafuta ya nywele". Kabla ya kulipa, hakikisha fungu unalonunua si lile ulilo nalo.

Kurekodi kunajifunzwa kwa dakika kumi. Unawasha kalamu, unabonyeza kitufe cha kurekodi na kukishikilia, unagusa kibandiko kwa ncha, unasikia mlio, unazungumza, kisha unaachia kitufe. Ukikiachia mapema, rekodi inakatika. Ukianza kuongea kabla ya mlio, maneno ya kwanza yanapotea, na mara nyingi maneno ya kwanza ndiyo jina la kitu. Zima redio. Kisha gusa tena na usikilize. Usiendelee na kopo linalofuata kabla ya kusikia la kwanza. Siku kibandiko kikikataa baada ya miezi mitatu, karibu kila mara ni mafuta ya kupikia, masizi au mkwaruzo umefunika nukta. Kipanguse kwa kitambaa kikavu, na kisiposikia, weka kingine.

Sauti ndani ya lebo yenyewe

Kuna vitufe vidogo vya kurekodi, kila kimoja na spika yake na betri yake. Unabonyeza, kinasema. Kifaa cha pili hakihitajiki, na hata mtu mwenye mikono inayotetemeka anakiweza. Lakini kila kitu nyumbani kinahitaji kitufe chake, na kila kitufe kitakuja kudai betri, mara nyingi zile bapa za saa. Kwa vitu vitano ni mpango mzuri. Kwa vitu hamsini ni mzigo.

Maneno ndani ya chipu

Hii ndiyo njia ambayo wengi Nairobi wangeanza nayo kama wangeifahamu. Stika ya NFC ni kibandiko chenye chipu na waya mwembamba uliozungushwa ndani. Haina betri. Simu yenye NFC, yaani uwezo wa kuwasiliana na chipu kwa karibu bila waya, ikisogezwa sentimita chache tu, inaipa nguvu kidogo na kusoma kilichoandikwa ndani. Stika moja, ukinunua pakiti, hugharimu makumi ya shilingi.

Kinachohifadhiwa humo si sauti. Ni maandishi. Chipu ya kawaida, NTAG213, ina nafasi ya baiti 144, na ukitoa zinazoliwa na mpangilio wake unabaki na herufi kama 130. Hazitoshi kwa sauti hata ya sekunde moja, lakini zinatosha kuandika: "Amlodipine mg 5. Kidonge 1 kila asubuhi. Imenunuliwa 3 Machi." Ukitaka nafasi zaidi, NTAG215 ina baiti 504 na NTAG216 ina 888. Maandishi yako yanakaa ndani ya stika yenyewe, hivyo simu ikiibwa hujapoteza kitu: simu nyingine yoyote yenye NFC itayasoma. Hapa chipu inaishinda kalamu kwa mbali. Mtengenezaji anasema chipu hizi huhifadhi data kwa miaka 10 na huweza kuandikwa upya mara 100,000.

Kizuizi ni simu. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue hazina NFC, hata kama ni mpya na zina kamera tatu. Usitegemee maneno ya muuzaji. Fungua mipangilio ya simu, andika NFC kwenye sehemu ya kutafuta. Isipotokea, hiyo simu haina, na hakuna programu itakayoiongezea.

Kwa Android, pakua programu ya bure kama NFC Tools. Chagua kuandika, ongeza rekodi ya aina ya maandishi, andika maneno yako, bonyeza kuandika, kisha gusisha mgongo wa simu kwenye stika. Tafuta mahali antena ilipo: kwa simu nyingi ni karibu na kamera au katikati ya mgongo, na kwa iPhone ni ukingo wa juu. Asiyeona akishaonyeshwa mahali hapo mara moja, mkono utakumbuka. Wakati wa kusoma, simu ya Android lazima iwe imewashwa kioo na kufunguliwa. Ikiwa imejifunga haisomi stika, na watu wengi hudhani stika imekufa. Kwa iPhone kuna tofauti nyingine: kuanzia modeli ya XS na XR simu husoma stika yenyewe bila kufungua programu, lakini hiyo ni kwa stika zenye anwani ya intaneti. Stika yenye maandishi matupu inahitaji ufungue programu kwanza.

Ndani ya programu hizi kuna chaguo la kufunga stika. Usiliguse. Ukishaifunga haifunguki tena, na siku dozi ikibadilika utaing'oa.

Chuma ndicho adui mkubwa wa NFC. Bandika stika ya kawaida kwenye kopo la bati la majani ya chai na simu haitasikia kitu, kwa sababu bati linaimeza ile nguvu ndogo ambayo simu inatuma. Zipo stika zilizotengenezewa kubandikwa kwenye chuma, zina safu nyeusi nyuma yake, na bei yake ni ya juu kidogo. La sivyo, bandika stika kwenye kipande cha kadi ngumu na ukifunge kwa mpira ili kining'inie pembeni ya kopo. Na kitu chenye stika ya NFC kisiingie kwenye maikrowevu; waya ule wa ndani hutoa cheche.

Sauti utakayosikia ni ya TalkBack au kisomaji-skrini kingine kilichomo kwenye simu, yaani programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo. Ikiwa simu imepangwa kwa Kiingereza, itayasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza hadi mwenyewe usitambue ni neno gani. Ingia kwenye mipangilio ya kugeuza maandishi kuwa sauti uchague Kiswahili. Injini ya Google, yaani programu inayotoa sauti hiyo, inacho, na eSpeak NG, ambayo ni ya bure, inacho pia ingawa sauti yake ni ya kimashine. Mtu anayehitaji Kikikuyu au Dholuo hapa hana bahati. Arudi kwenye kalamu.

Maelezo kwenye intaneti

Huduma kama WayAround hutumia stika na simu vilevile, ila stika inabeba utambulisho tu na maelezo yanakaa kwenye akaunti yako. Faida yake ni kwamba unaweza kuandika maelezo marefu, kama namna ya kufua nguo. Lakini kwa mtu anayenunua bando la siku, sipendekezi kutegemea intaneti ili kujua kipi ni chumvi.

Msimbopau una imani potofu mbili. Ya kwanza ni kwamba unaeleza tarehe ya kuisha. Mistari ile ya kawaida kwenye bidhaa za dukani ina namba ya bidhaa tu. Pakiti ya maziwa ya leo na ile iliyochacha wiki iliyopita zina namba moja. Ya pili ni kwamba kila bidhaa imo kwenye orodha. Mashine kama i.d. mate ya Marekani inakuja na orodha kubwa, lakini iliyojaa bidhaa za kwao, na njugu ulizopimiwa sokoni Marikiti hazina msimbopau hata mmoja. Ina jambo moja zuri: ikikutana na namba isiyoijua, unaweza kuirekodia sauti yako mwenyewe, na kuanzia hapo mistari ile inakuwa lebo yako.

Simu inayosoma, na inapokomea

Programu za simu zimebadilisha maisha ya wengi na hazigharimu kitu kuzipakua. Seeing AI ya Microsoft ilianza kwenye iPhone mwaka 2017 na kufika Android mwaka 2023. Lookout ya Google ni ya Android na ilianza 2019. Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, inakuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayeona. Kama mtu ana simu nzuri na anaimudu, hizi ndizo za kujaribu kabla ya kununua chochote.

Lakini zina masharti. Kamera inahitaji mwanga, na mtu asiyeona kabisa anaweza kuwa amekaa gizani bila kujua. Jambo la kwanza programu ikinyamaza ni kuwasha taa. Shika simu sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kitu, kisha kizungushe kitu polepole, si simu. Pakiti inayong'aa inarudisha mwanga na kufuta herufi. Chupa ya duara huonyesha nusu ya neno. Mwandiko wa mkono huishinda programu mara nyingi. Na zile zinazotumia akili bandia kueleza picha zinaweza kukosea huku zikizungumza kwa uhakika uleule zinaotumia zinapopatia. Kwa kujua shati ni la bluu au kijani, sawa. Kwa dozi ya dawa, hapana.

Kwa hiyo simu inayosoma haiondoi haja ya lebo. Inafaa kwa barua, bili, na kitu unachokutana nacho mara ya kwanza. Lebo inafaa kwa kitu unachokigusa kila siku na ambacho kosa lake lina gharama.

Dawa

Hapa ndipo ningewekea nguvu zote kama bajeti inatosha kwa kitu kimoja tu.

Chukua mgonjwa wa presha ya macho, ambayo huenda ndiyo iliyomfanya apoteze uwezo wa kuona. Ana chupa mbili ndogo za matone, timolol na latanoprost, na kwa vidole hazitofautiani. Latanoprost hutiwa mara moja kwa siku, kwa kawaida jioni, na ukiizidisha nguvu yake ya kushusha presha inaweza kupungua badala ya kuongezeka. Timolol hutiwa mara moja au mbili kwa siku, na kwa mtu mwenye pumu ni hatari. Kuchanganya chupa hizi si jambo dogo. Chupa yenyewe ni ndogo mno kwa kibandiko, na ukilazimisha utafunika tarehe ya kuisha. Dawa ya hilo ni kuweka kila chupa kwenye kijikopo chake cha plastiki, ubandike lebo kwenye kijikopo, na kufunga uzi wa mpira kwenye chupa moja ili hata ikiwa nje ya kijikopo ijulikane. Matone mengi ya macho hutupwa yakifikisha takriban wiki 4 tangu kufunguliwa, kwa hiyo siku ya kufungua ndiyo ya kurekodi, si siku ya kununua.

Vidonge vina tatizo lake. Kwenye kemisti nyingi unapewa kibahasha cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu "1×3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mtu asiyeona akifika nyumbani na vibahasha vinne, anayo karatasi nne zinazofanana. Wakati wa kuweka lebo ni pale pale kaunta, kabla dawa hazijaingia mfukoni. Beba kalamu na karatasi ya vibandiko, bandika kimoja kwenye kibahasha cha kwanza, kisha sema: "Daktari, naomba unitajie hapa jina la dawa, nguvu yake na ninavyoimeza." Mpe kalamu ikiwa tayari, mwelekeze kitufe, aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Rekodi ya mfamasia ina thamani kuliko ya mtoto aliyekuwa anakumbuka maneno njiani kutoka mjini. Kama unatumia NFC, mwombe akutajie herufi za jina na miligramu, andika hapohapo na msikilize pamoja simu ikisoma.

Mpangilio wa maneno nao una maana. Jina liwe la kwanza, kisha nguvu, kisha namna ya kumeza, tarehe mwisho. "Metformin, miligramu 500, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula." Anayesikiliza akijua si yenyewe anaiacha baada ya neno la kwanza. Rekodi inayoanza na "hii ni ile dawa ya mama tuliyonunua juzi" inachosha mara ya pili tu.

Daktari akipandisha amlodipine kutoka miligramu 5 hadi 10, kopo ni lilelile, lebo ni ileile, na sauti ya zamani bado imo. Ng'oa au rekodi upya siku hiyohiyo. Lebo yenye habari za zamani ni hatari kuliko kopo lisilo na lebo, kwa sababu lisilo na lebo humfanya mtu aulize.

Dawa ambazo mtu hataki zijulikane zinahitaji mawazo ya ziada. Kalamu inasema kwa sauti ya chumba kizima, kwa hiyo tumia spika za masikioni, au rekodi neno la siri linaloeleweka na mwenyewe pekee. Na PIN ya M-PESA au ya kadi ya benki isiwekwe kwenye lebo ya aina yoyote. Stika ya NFC inasomwa na simu ya mtu yeyote anayepita.

Jikoni na kabatini

Bandika lebo kwenye mwili wa kopo, kamwe si kwenye kifuniko. Siku ya kuosha vyombo vifuniko hubadilishana, na hapo chumvi inaitwa sukari. Kwa makopo ya bati yanayoisha na kutupwa, weka lebo kwenye kadi yenye mpira. Kopo likiisha, kadi inahamia kwenye jipya, na kibandiko kimoja kinadumu mwaka. Kwenye friza gundi huweza kung'oka kwa unyevu, hivyo kadi ni njia salama zaidi. Kwa nguo zipo lebo za kushona zinazovumilia maji ya kufua.

Mafuta ya taa, dawa ya wadudu na Jik visitegemee lebo ya sauti. Vikae mbali na chakula, na kila kimoja kiwe na alama ya kupapasa, kama mpira mnene shingoni. Tabia ya kuweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda imewadhuru watoto wanaoona. Kwa asiyeona ni mbaya zaidi. Lebo inahitaji mtu akumbuke kuigusa. Mpira kwenye shingo ya chupa unamkuta mkononi.

Nani anafaa nini

Mtu mzima aliyepoteza kuona ukubwani, hana simu ya kisasa na hana hamu nayo, mpe kalamu. Kijana anayetumia TalkBack kila siku, muulize kama simu yake ina NFC. Ikiwa nayo, stika 50 zitamfaa kuliko kalamu. Anayejua Breli aendelee nayo kwa kila anachoweza, kwa kuwa Breli haina betri wala haimsomei mgeni. Lakini usidhani kila asiyeona anaijua, na kumbuka kwamba kisukari, ambacho huchukua macho ya wengi, huweza kuchukua pia hisia za vidole, na vidole visivyohisi havisomi nukta. Asiyeona na asiyesikia pia hana matumizi na sauti. Kwake alama za kupapasa na Breli ndizo njia.

Anza na vitu kumi. Familia nyingi hubandika nyumba nzima Jumamosi moja, kisha mwenyewe anachoka kujifunza lebo mia kwa mkupuo. Dawa kwanza, kisha vitu viwili viwili vinavyofanana: maziwa ya mala na mabichi, chumvi na sukari, unga wa ngano na wa mahindi. Kila anayeishi humo nyumbani, pamoja na msaidizi wa kazi, aambiwe kwamba kopo lenye kibandiko halijazwi kitu kingine.

Kununua

Kabla ya kutoa pesa, zungumza na wanaovifahamu vifaa hivi. Kenya Society for the Blind, iliyo Lang'ata Road, imehudumia wasioona tangu 1956. Taasisi ya elimu maalum, KISE, iko Kasarani. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kando ya Waiyaki Way, lina hazina ya kusaidia waliosajiliwa kupata vifaa, kwa hiyo usajili ufanywe mapema. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Unapoandika ombi, kitaje, na eleza kazi ya kifaa waziwazi: "kutambua dawa zangu" ni ombi lenye uzito kuliko "kalamu ya kisasa".

Ukiagiza ng'ambo, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha kwa vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Ulizia masharti kabla mzigo haujaondoka huko unakotoka. Kalamu iliyoundwa kwa ajili ya wasioona ina hoja nzuri hapo. Stika za NFC, ambazo kila mtu hutumia, hazina.

Kifaa kikifika, mwenyewe atakayekitumia akishike, si anayemnunulia. Akiwashe bila kusaidiwa, arekodi, agonge lebo, abadilishe betri kwa kupapasa na kuirudisha upande sahihi. Sauti isikike redio ya jirani ikiwa imewashwa. Kama hawezi kutofautisha kitufe cha kurekodi na cha kuwashia, bandika kipande cha kitambaa kigumu kwenye kimoja. Ikishindikana bado, kirudishe kikiwa ndani ya muda wa kurudishwa, na risiti iwe mkononi.